Mama Mounira, Aliyebisha Hodi Kabla ya Kuvunja

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, baada ya swala ya adhuhuri, Mama Mounira Jamali anauweka chini mtaimbo wake. Ameitumikia Depo ya Tumia-Tena kwa miaka thelathini na mmoja, tangu ilipokuwa uwanja wa matofali uliozungushiwa miiba hadi leo ambapo ina maghala, karakana ya maseremala na wateja wanaotoka mpaka Kilwa yetu ya Katanga. Sisi tunaobaki tulikubaliana kwamba hakuna kulia. Mimi nimeshavunja makubaliano hayo kabla ya kumaliza aya ya kwanza, lakini tuendelee.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, niseme hivi: tingatinga hubomoa, sisi tunafumua. Mwenye nyumba ya zamani akitaka kiwanja chake kiwe kitupu, tunapanda juu na kuishusha kwa utaratibu, kilichowekwa mwisho kikitoka kwanza. Mabati, misumari, kenchi za paa, mbao za dari, milango, madirisha, vigae vya sakafu, kisha matofali, moja baada ya jingine. Vyote vinaletwa hapa Kampemba, Lubumbashi, vinasafishwa, vinauzwa kwa watu wanaojenga. Mwisho wa kazi kiwanja kinabaki kitupu kama kilivyotakiwa, ila nyumba haikufa, imehamia kwa watu wengine. Mabati ya ghala moja tulilolifumua yanafunika zahanati kule Mitwaba, na mihimili yake watoto wanaikalia darasani.

Mama Mounira aliingia mwaka 1994. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugongagonga chokaa iliyokaukia kwenye matofali ya zamani ili yajengewe tena, kazi inayokausha koo na kuchubua vidole. Alikuwa binti wa marehemu Jamali, seremala wa milango ya kuchonga, ambaye wazee wake walitoka Kasongo, Maniema, na ambaye mitaa mingi ya hapa bado inamtaja kwa heri. Mzee huyo alimwachia binti yake vitu viwili: patasi, na nyumba ndogo aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe, anamoishi mpaka leo. Mlango wa nyumba hiyo ulikuwa wa mulombwa, ile mbao yetu nyekundu, umechongwa majani ya muhogo kutoka juu mpaka chini. Naomba mlango huo msiusahau, maana tutaurudia.

Kutoka kwenye matofali alipanda mpaka paani. Siku ya kwanza aliposhika ngazi, wanaume wa timu waliulizana nani atamshikia. Hakushikiwa na mtu. Baada ya miaka michache wao ndio waliokuwa wakimuuliza wakanyage wapi, na mwaka 2003 akawa shefu, mkuu wa timu. Tangu siku hiyo hakuna mtu wake hata mmoja aliyeanguka kutoka juu. Katika kazi yetu hiyo ni sifa kubwa, na wake na waume wa watu wamemshukuru kwa ajili yake.

Asidhani mtu kwamba tunamuaga mama mpole. Mimi, Syntiche, niliajiriwa kuuza kwenye kaunta, na nilifika nimevaa viatu vya kisigino. Wiki yangu ya kwanza nzima nilikalia ndoo iliyopinduliwa nikinyoosha misumari iliyopinda, kwa sababu Mama Mounira alisema huwezi kuuza kitu usichojua kilivyoteseka. Mkoba wake haujawahi kukosa misumari. Kwenye harusi ya Papa Jean-Claude, mkurugenzi wetu, wageni wote walimtazama bibi arusi, yeye akatazama dari. Zamu yake ya kutoa mkono wa heri ilipofika, alimnong'oneza bwana arusi kwamba kenchi za ukumbi ule ni mbao safi kabisa, na siku wenyewe watakapotaka kuujenga upya, depo isipitwe.

Lakini kama kuna jambo moja ambalo kila mtu hapa atamkumbuka nalo, ni hodi. Kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa, Mama Mounira husimama mlangoni, hugonga, huita kwa sauti: “Hodi, benye nyumba, tumekuya!” Hufanya hivyo hata kama nyumba imeachwa miaka kumi na imebakiwa na popo tu. Anangoja. Akijibiwa, hata kama ni mlevi tu aliyejilaza jikoni, kazi haianzi. Nyumba yenye mtu ndani haifumuliwi, hiyo ndiyo sheria yake, na aliipata kwa baba yake aliyekuwa akibisha hodi hata kwenye nyumba ambayo ametoka kuitia mlango yeye mwenyewe.

Sasa nifike kwenye mkasa wa nyumba ya reli. Yeye mwenyewe ameniruhusu niuandike, kwa sharti kwamba nisimpunguzie kosa.

Mwezi wa tisa wa mwaka 2017 tulipewa kazi katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa reli. Ilikuwa nyumba pacha, yenye milango miwili na ukuta mmoja katikati. Nusu moja ilikuwa imenunuliwa na mfanyabiashara aliyetaka kujenga duka, na hiyo ndiyo tuliyotakiwa kuifumua. Nusu ya pili ilikuwa ya Mama Laurentine, mjane wa mtu wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, ambaye wakati huo alikuwa Kilwa kwenye kilio cha dada yake. Kabla ya kusafiri alikuwa amehamishia vyombo vyake vyote kwa binti yake. Mwanawe Élie alikuwa anaoa mwezi wa kumi na moja, karamu ingefanyika hapohapo nyumbani, na kuta zilikuwa zikisubiri kupakwa rangi. Namba za nyumba zilikuwa zimefutika zamani. Mtu wa mfanyabiashara alitufikisha barabarani, akanyoosha kidole kuelekea nyumba, akarudi kwenye pikipiki yake akaondoka.

Mama Mounira akafanya kama siku zote. Akagonga mlango wa kwanza. Ndani akaitikia Papa Donat, mpangaji aliyefika kutoka Mitwaba juzijuzi, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nyumba anayolala imeuzwa: “Karibu, Mama.” Sufuria ilikuwa motoni, nguo kambani. Akaomba radhi, akaenda mlango wa pili, akagonga. Kimya. Akaita, akangoja, akaita tena. Alipochungulia aliona vyumba vitupu, hata pazia hakuna. Basi mambo yalikuwa wazi kwake na kwetu sote: yenye mtu haifumuliwi, kwa hiyo isiyo na mtu ndiyo yetu. Timu nyingine yoyote ya mji huu ingemtafuta yule mtu wa pikipiki imuulize. Sisi tulikuwa na hodi yetu, tukaona inatosha.

Papa Donat alituletea chai. Alikaa kwenye kiti chake kibarazani, siku baada ya siku, akisifu tunavyoshusha mabati bila fujo na kumhurumia jirani asiyemjua. Nyumba iliyotakiwa kuondoka ilikuwa hiyohiyo aliyoiegemea.

Paa lilikwisha shuka, milango na madirisha vimekwenda depo na baadhi vimeuzwa, kuta zimefika usawa wa kifua, ndipo lori la Kilwa lilipomshusha Mama Laurentine mbele ya kwake, na mfuko wa samaki wakavu kichwani. Aliuteremsha mfuko, akaukalia, akazitazama kuta. Kisha akauliza taratibu: “Sasa mutoto wangu ataolea wapi?”

Mama Mounira alikuwa juu ya ukuta. Alishuka. Angeweza kumtaja mtu wa pikipiki, angeweza kumtaja Papa Donat na chai yake, angeweza hata kututaja sisi. Hakumtaja mtu. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule mama akamwambia: “Ni miye nimevunja, Mama. Ni miye nitasimamisha.”

Papa Jean-Claude alikuja akazungumza habari za fidia. Mama Laurentine hakutaka kuzisikia. Mume wake aliingia katika nyumba ile akiwa kijana na alitoka ndani yake kwenye jeneza, watoto wake wote walizaliwa humo, na Élie angemleta mkewe humo. Alichotaka ni nyumba yake. Nasi tunazijua mvua za Lubumbashi: mwezi wa kumi zinatania tu, mwezi wa kumi na moja hazitanii tena, na ukuta mbichi hauziwezi. Ama nyumba isimame kabla ya mvua na harusi, ama mjane alale kwa watu kwa sababu yetu, na sisi tuache kujiita watu wa kufumua, tujiite wabomoaji kama wengine.

Kwa bahati Mama Mounira ana ugonjwa wa chaki. Kila kipande kinachoshuka lazima akiandike kilikotoka: chumba gani, ukuta gani, mstari wa ngapi kutoka chini. Miaka mingi tulimcheka. Nani, tulimuuliza, ataliuliza dirisha lilikuwa likilala chumba gani? Mwaka ule tuliliuliza, na likatujibu. Kazi nyingine zote zilisimama. Matofali yalirudi kwenye mistari yake, kenchi zikarudi juu ya kuta zake, vigae vikarudi sakafuni hata kile chenye ufa karibu na jiko, ambacho Mama Laurentine alikikanyaga na kusema huyu namfahamu. Mama mmoja wa Katuba aliyekuwa amenunua madirisha mawili aliyarudisha mwenyewe kwa mkokoteni. Papa Donat, alipoelewa hatimaye ni nyumba gani ilikuwa ya kuondoka, alikunja suruali akaingia kwenye udongo kuchanganya pamoja nasi.

Kitu kimoja tu hakikurudi, mlango wa mbele. Ulikuwa umeuzwa Kambove. Mama Mounira aliufuata huko, akaukuta umekwisha fungwa kwenye chumba cha mama mzazi wa mnunuzi, bibi aliyelala kitandani hawezi kuinuka. Aligonga. Bibi akaitikia karibu kutoka ndani. Mama Mounira aliingia, akamjulia hali, akakaa naye kidogo, akarudi Lubumbashi mikono mitupu. Mlango wenye mtu nyuma yake haung'olewi, alituambia.

Asubuhi ya siku ya pili tulikuta mlango kwenye kiwanja, wa mulombwa, mpana, umefunikwa gunia. Alisema ameupata, basi. Ukuta wa mbele ulikuwa bado chini, kwa hiyo tuliacha nafasi ya kuutosha mlango huo, Mawazo seremala wetu akautengenezea fremu mpya na kuufunga. Bati la mwisho lilipigiliwa wingu likiwa limekwisha kusimama juu ya kambi. Élie alioa Jumamosi iliyofuata, mvua ikinyesha juu ya paa na watu wakicheza chini yake, na Mama Mounira alicheza mpaka kitambaa cha kichwani kikamhama.

Nusu ya Papa Donat tuliifumua mwaka uliofuata, baada ya yeye kuhama. Tulibisha hodi, na tuliuliza pia.

Tangu hapo Mama Laurentine na Mama Mounira wakawa ndugu. Mmoja huleta samaki wa Kilwa, mwingine huleta sambusa, na wakikutana hapa kaunta wateja wangu hunisubiri mpaka wamalize kuulizana habari za watoto. Ila ni Mama Mounira ndiye aliyekuwa akienda kwa mwenzake. Kwake hakumwita. Hata sikukuu za Idi aliwakaribisha wageni nyumbani kwa dada yake Yasmine, akisema kwake ni padogo.

Sisi wa depo tulidhani tunaijua sababu. Miaka hii ya mwisho tulikuwa tukipita mtaani kwake, na mlango wa nyumba yake ulikuwa ni mabati mawili yaliyopigiliwa pamoja. Tulimtania sana. Mtu anayeshinda mchana kutwa katikati ya milango mia, usiku anajifungia na bati. Mganga hajigangi, tulimwambia, naye alicheka pamoja nasi akasema bati lake linaimba mvua ikinyesha.

Mwaka huu, Idi ya kumaliza mfungo, mguu ulimvimba asiweze kwenda kwa dada yake. Mama Laurentine hakuomba ruhusa. Alipika supu, akanipitia, tukaenda.

Mlangoni aliiweka sufuria chini ili abishe hodi, na mkono wake ukaishia hewani. Fremu ilikuwa imechongwa majani ya muhogo. Alipitisha kiganja juu yake, jani kwa jani, yaleyale anayoyafuta vumbi kila Jumamosi nyumbani kwake. Akalitazama bati. Akaitazama tena fremu. Kisha akabisha, akaingia, akala pilau, akacheka na kila mtu, akaaga vizuri. Tulipofika barabara kubwa alisimama. “Syntiche,” akaniambia, “ile mulango haiko yangu. Miaka yote hii nimelala nyuma ya mulango ya baba yake.” Akalia palepale kando ya barabara, na mimi nikalia naye, supu yote ikiwa imeshaliwa na sufuria tupu mikononi mwangu.

Siku ya kazi nilimbana Mawazo. Alijua. Ndiye aliyeubeba mlango pamoja na Mama Mounira alfajiri ile, ambaye alimwapisha asiseme. Na kwa nini Mama Mounira hakujitwalia mlango mwingine hapa depo, miaka yote? Kwa sababu Mzee Jamali aliipima fremu ile kwa mlango ule, mpana kuliko kawaida, na hakuna mwingine unaoitosha. Ilibidi aikate fremu ya baba yake, au akae na bati. Alichagua bati, na akatuacha tumcheke.

Basi Mama Mounira, hapa ninaacha kusema nawe kwa mbali. Sasa unaelewa kwa nini wiki hii Mawazo amekukwepa, kwa nini karakana ilifungwa na wewe ukaambiwa kuna mchwa, na kwa nini programu hii ya kukuaga, yenye maneno haya, watu wote walipewa isipokuwa wewe. Mama Laurentine alikataa kabisa kuendelea kulala nyuma ya mlango wa mzee wako. Mafundi wamemchongea mwingine, wa upana uleule, kwa mbao za sakafu uliyoishusha wewe mwenyewe mwaka jana. Amechagua rangi ya kijani, na anasema ni mzuri kuliko ule wa Kambove.

Tunakushukuru kwa mikono yetu ambayo bado ina vidole vyote. Tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba nyumba ya mtu haiguswi bila kuulizwa, na kwamba aliyekosea huinama, kisha husimamisha alichokiangusha. Wengi hapa wamejifunza kazi kwako. Mimi nimejifunza na aibu njema, ile inayomzuia mtu kumcheka mwenzake kabla hajajua bati lake limetoka wapi.

Mungu akupe afya, akupe mguu usiovimba, akupe usingizi mrefu wa mtu asiye na paa la kupanda kesho. Tukimaliza hapa, nenda nyumbani taratibu, tutakusindikiza. Tangu asubuhi, ulipokuwa hapa ukigawa misumari yako ya mwisho, Mawazo na Élie walikuwa kwako. Mlango wa Mzee Jamali umerudi kwenye fremu yake na umefungika bila kuhitaji randa. Ukifika usiusukume. Bisha hodi kama ulivyotufundisha, kisha ngoja kidogo. Mama Laurentine yuko ndani, bukari, ugali wetu, iko motoni, naye ameapa kwamba leo atakuitikia yeye.

Syntiche Mwansa, wa kaunta, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa depo